Bakuli Lililooshwa Kabla ya Kurudi Kwao

Wenzangu mnaobaki ghalani, mmeniomba niandike machache kabla sijaanza kusahau. Sitaandika nilipanda cheo lini wala mshahara ulikuwa kiasi gani. Hayo mke wangu anayajua na bado ananicheka. Nitaandika juu ya vyungu, hasa vile vya Zama Mpya za Mawe, wakati watu walipoanza kulima na kufuga, wakahitaji kitu cha kutilia walichokivuna na kukikamua. Na nitaandika juu ya asubuhi moja ambayo wengi wenu mnaijua kwa uvumi tu. Uvumi wenyewe nimeusikia, na umetiwa chumvi nyingi.

Nilianza Dallas. Nilikuwa nimetoka Nakuru kuja kusoma, nikamaliza, nikapata nafasi katika karakana ya makumbusho moja ambako vitu vya kale vilikarabatiwa na kutunzwa. Mkubwa wangu alikuwa mama wa huku huku Texas, jina lake Ruth, mfupi, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuita ng'ombe kutoka mbali. Siku ya kwanza nilivaa suti. Aliniangalia kutoka juu hadi chini, akaniamuru nivue koti, tai, saa na pete ya ndoa. Tai itagonga, alisema, saa itakwaruza, na pete mkeo atakusamehe.

Halafu akanipa chungu cha maua alichokinunua dukani, akaniambia nizunguke nacho meza. Nilizunguka nacho mpaka jioni. Kila nilipokishika mdomo alinipigia kelele. Chungu hakishikwi mdomo, hakishikwi sikio. Mkono mmoja unakaa chini ya kitako, mwingine ubavuni, na ukishakishika huwazi kitu kingine mpaka umekitua. Nilirudi nyumbani nikamwambia mke wangu kwamba nimesoma miaka yote hiyo ili nije kubembeleza chungu cha maua.

Ruth alinikataza pia kujipaka mafuta mikononi. Hilo lilikuwa pigo. Sisi tunaolelewa na kopo la mafuta kando ya kitanda tunajua kwamba mtu aliyepauka ni mtu asiye na kwao. Lakini udongo uliochomwa kwa moto mdogo, kama walivyochoma wale wa kale, una vitundu visivyoonekana, na vitundu hivyo hunywa. Chungu hunywa mafuta ya chakula na kuyatunza maelfu ya miaka. Hunywa pia losheni yako na sabuni yako, na mtu wa maabara akija kupima, anakuta duka la vipodozi. Basi nimefanya kazi maisha yangu yote mikono ikiwa myeupe kwa ukavu. Mama yangu, Mungu amrehemu, kila nilipoenda likizo aliniuliza kama Amerika hakuna hata samli.

Mkusanyo wa Ruth ulikuwa wa wakulima wa mwanzo wa Ulaya. Ndiko nilikojifunza kusoma vigae. Kulikuwa na vyungu laini, vya udongo uliochekechwa vizuri, vimekatwa mistari iliyojikunja na kuzunguka tumbo la chungu. Hivyo vilikuwa vya kulia na kuwekea wageni. Kulikuwa na vikubwa na vikavu, vimechanganywa changarawe, nakshi yake ni alama za vidole tu, mtu amefinya udongo safu kwa safu. Hivyo vilikuwa vya kupikia na kuwekea nafaka. Vingine vilichapwa kwa ukingo wa kombe la baharini, ukaacha mawimbi madogo. Vingine vilikuwa na masikio yenye tundu la kupitisha kamba, vitundikwe juu mbali na panya. Karibu vyote vilikuwa na kitako cha mviringo, maana vilikaa juu ya mafiga au ndani ya shimo la mchanga, wala havikujua meza.

Siku moja alinipa kigae chenye matundu mengi akaniuliza ni cha nini. Nilisema ni cha kukaushia samaki. Alicheka mpaka akakaa chini. Ni chujio la jibini, akasema, na tumejua hivyo kwa sababu mafuta ya maziwa bado yamo ndani ya udongo. Kisha akaacha kucheka. Aliniambia kwamba wachimbaji wa zamani walikuwa wakisugua kila kigae kwa brashi na maji, wakivipenda vikiwa safi. "Waliosha chakula cha watu wakakimwaga," alisema. Sijawahi kumwona amekasirika kama siku ile.

Vifaa vyake ndivyo nilivyovirithi, nanyi mmevirithi kwangu: brashi ya manyoya laini, vijiti vya mianzi, pamba ya kuzungusha kwenye kijiti, vyuma vya daktari wa meno, na trei ya mchanga. Trei hiyo msiidharau. Ukiunganisha vipande viwili, unakichomeka chungu mchangani ili uzito wenyewe ukae juu ya gundi mpaka ikauke. Mwenye pupa hadiriki kula tamu, na mwenye pupa na gundi hula vipande.

Mke wangu alipopata kazi ya unesi katika hospitali kubwa za Houston, tulihamia Pearland, kando ya jiji hilo, nami nikapata nafasi kwenye ghala hili la vitu vya kale. Hewa ya Houston ni nzito kama ya bafuni, na kila msimu wa vimbunga nililala jicho moja likiwa kwenye mitambo ya kukausha hewa. Kanisani watu wetu wengi ni manesi. Baada ya ibada wakieleza wagonjwa wao, mimi nilinyamaza, na mke wangu hakukosa la kusema: "Huyu patients wake ni wazuri. Hawabonyezi call light kuita nesi, hawana family ya kushout. Na wakifa, walishakufa zamani!"

Kumbe mgonjwa wangu wa mwisho alikuwa njiani.

Bakuli lile lilikuja kwa mkopo kutoka Kenya, kwa ajili ya maonyesho na utafiti. Lilichimbwa Bonde la Ufa, si mbali na nilikozaliwa. Ni kazi ya wafugaji wa mwanzo kabisa wa kule kwetu. Nje limejaa vijishimo vya pembe tatu vilivyobonyezwa safu juu ya safu mpaka uso wote unafanana na kikapu. Ndani ndiko kuna ajabu: aliyelifinyanga alichimba mifuo mirefu kwenye udongo mbichi, kutoka mdomoni kwenda chini. Kwa nini upambe ndani, mahali ambapo chakula kitafunika? Wataalamu wanabishana, nami sijui. Ninachojua ni kwamba katika mifuo hiyo kulikuwa na ukoko mweusi wa kitu kilichoungua.

Lilikuwa limevunjika zamani na kuunganishwa na mtu nisiyemjua, kwa gundi ya kizamani inayolainika kwa maji. Kenya walituruhusu kuchukua unga kidogo kutoka kwenye ukuta wake, mara moja tu, na sehemu ya ukoko, ili maabara itafute walipika nini. Maziwa? Nyama? Nafaka ya mwituni? Baada ya hapo lingefungwa na kurudi kwao, na mimi ningestaafu. Nilitaka sana kujua. Nimeshika vyungu vya wakulima wa watu wengine maisha yangu yote, na hiki kilikuwa cha nyumbani.

Sasa nimtaje Mama Neema. Wengi wenu mlimkuta akiwa mfungaji wetu mkuu wa mizigo. Ni Mkongo wa Uvira, alikaa kambini miaka mingi kabla ya kuletwa Texas, akaanza kwenye ghala la bidhaa kule Mesquite, karibu na Dallas. Huko mashine ilimwonyesha kila saa amechelewa kiasi gani, mpaka mgongo ukamharibikia. Alipokuja kwetu aliniambia kwamba ni mara ya kwanza tangu afike nchi hii kuambiwa afanye kazi polepole. Nilimfundisha mimi mwenyewe. Nilimpa chungu cha maua. Alizunguka nacho meza mara moja, akakitua, akaniuliza kama kuna kingine kizito zaidi.

Asubuhi ya kuchukua sampuli nilifika nikakuta rafu ya bakuli iko tupu. Pete ya sifongo liliyokalia ilikuwa pale pale. Niliangalia rafu ya chini, nikaangalia meza ya picha, nikajiambia labda Carla, mkuu wetu, amelipeleka mahali. Ndipo nikasikia mtu anaimba wimbo wa kanisani upande wa sinki.

Bakuli lilikuwa juu ya taulo, linang'aa kwa maji. Mama Neema alikuwa anakunja taulo nyingine.

"Baba Chebet, bonjour! Nimekwisha kuitengeneza. Iko propre, safi kabisa, inakauka tu."

"Umeliosha?"

"Ndiyo. Si inarudi kwa benyewe? Zile zingine hatuoshake, najua. Lakini hii inaenda kwa watu! Ukirudisha sahani ya jirani na ukoko ndani, atakuita mtu wa namna gani? Wazungu, ile haya habana nayo. Siye tuko nayo."

Nilikasirika mpaka macho yakaniuma. Na kilichonikasirisha zaidi ni kwamba nilimwelewa. Mama yangu hakuwahi kurudisha kibuyu cha mtu bila kukisafisha, na angenishangaa mimi niliyetaka kufunga mzigo wa kwenda Kenya ukiwa na masizi ndani. Nilifungua mdomo nimpe maneno yake. Hapo nikaona ubavuni mwa bakuli, kwenye ule mshono wa zamani, mstari mwembamba ukifunguka.

Gundi ilikuwa imekunywa maji. Bakuli lilikuwa limekaa kwa kitako chake cha mviringo juu ya taulo laini, na uzito wa upande mmoja ulikuwa unauvuta mshono taratibu. Nililivamia kwa mikono miwili. Nilihisi kipande kikubwa kinacheza chini ya kiganja changu.

"Mama Neema, njoo. Usiulize kitu. Weka mikono yako hapa, na hapa. Usibane. Zuia tu."

Alikuja. Mikono minne ikawa juu ya bakuli, vichwa vyetu karibu vinagongana. Wimbo ulikuwa umemkatika. Kijasho chembamba kilinitoka, kikanishuka puani, na sikuwa na mkono wa kukifuta. Niliogopa hata kupumua vibaya. Trei ya mchanga ilikuwa chumba cha pili na hakuna kati yetu aliyeweza kuachilia.

Nikauliza lililobaki kuulizwa. "Uliosha kwa kitu gani?"

"Na mayi."

"Maji peke yake? Mama Neema, niambie ukweli. Sabuni?"

Alinitazama kama nimemtukania mama yake. "Chungu ya udongo na sabuni? Inakunywaka sabuni, Baba Chebet! Ukipika kesho maharagi inanuka, batoto banakataa kula. Mama yangu angenichapa. Kwetu tulikuwa tunasugua na majivu na majani."

"Majivu!"

"Sasa majivu nitapata wapi Houston? Kila nyumba ni umeme. Nilisugua na kidole, na mayi ya baridi. C'est tout, basi."

"Na mafuta mkononi?"

"Angalia hii mikono. Tangu ulinikataza, niko kama mtu amelala mu unga."

Sikucheka, ingawa leo naweza. Kipande kiliteleza kidogo, naye akakifuata kwa kidole gumba kabla sijasema. Tulikaa hivyo. Nilimwita Carla kwa sauti, mara ya kwanza polepole, mara ya pili kama Ruth anaita ng'ombe.

Carla alifika akasimama mlangoni. Ni mtu wa haki, lakini sheria kwake ni sheria. Aliona maji, akaona taulo, akaona mikono minne, na uso wake ukabadilika. Nikamwambia hasira tuziweke kando, alete trei kwanza. Aliileta mwenyewe, akaifunika kwa karatasi nyembamba ya plastiki. Tuliliteremsha bakuli mchangani, mimi na Mama Neema tukipumua pamoja, mpaka mchanga ukalipokea. Niliondoa kidole kimoja kimoja. Mshono ulikaa.

Mikono ya Mama Neema ilibaki hewani kwa muda, imejikunja, kana kwamba bado imelishika.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Nilimweleza Carla kila kitu pale pale, na sikuacha habari ya sabuni. Alisikiliza. Kisha akasema, kwa Kiingereza chake cha taratibu, kwamba Mama Neema asiguse kitu chochote cha mkusanyo mpaka maabara ijibu. Bakuli likiwa limepoteza kilichokuwemo, hatakuwa na njia ya kumbakisha kazini. Akatoka kwenda kupiga simu.

"Amesema nini?" Mama Neema akaniuliza.

"Umesikia."

"Nimesikia. Nataka kuisikia na Kiswahili."

Nikamwambia kwa Kiswahili. Alitikisa kichwa polepole. "Na batu ya Kenya, watajua?"

"Watajua leo."

"Ile ndiyo inaniumiza," akasema, akaanza kukunja taulo upya.

Mama anayesimamia mkusanyo kule Nairobi alitusikiliza kwenye skrini bila kutukatiza. "Huyo mama alilelewa vizuri," alisema hatimaye. "Lakini kulelewa vizuri hakuturudishii ule ukoko. Chukueni sampuli ya ukuta. Let's see kama kuna kitu kimebaki."

Ukoko ulikuwa umekwenda na maji, na maji yakimwagika hayazoleki. Bakuli lilipokauka na mshono kushika kwa gundi mpya, nilikwangua uso wa ndani mahali padogo kati ya mfuo na mfuo, nikatoboa kwa kekee ndogo, nikakinga unga uliotoka. Ulikuwa kidogo, kama chumvi ya kuonjea mchuzi. Nimefanya kazi hiyo mara nyingi lakini siku ile nilisimama katikati, nikauegemeza mkono, nikaendelea.

Kusubiri kulikuwa kubaya kuliko siku yenyewe. Mama Neema alipewa kazi ya kukata sifongo na kupigilia makreti. Aliifanya bila kosa na bila neno. Wakati wa chakula alikula ndani ya gari lake, injini ikiwaka kwa ajili ya joto, nami nilipomfuata alifungua dirisha kidogo tu. Aliniambia kwamba Mesquite bado wanaajiri. "Lakini mgongo hii, Baba Chebet, haitaweza." Nilirudi ndani na sahani yangu, na nyumbani mke wangu aliponitania sikumjibu, akajua kuna mgonjwa mahututi.

Jibu lilipofika, Carla hakutuma ujumbe. Alishuka mwenyewe mpaka kwenye makreti, akatuita wote wawili. Ukuta ulikuwa umejaa mafuta, alisema. Hakuna alama ya sabuni wala losheni. Ni mafuta ya maziwa.

Nilitafuta kiti. Nililia, siwafichi, na sikujua nalia kwa ajili ya nani. Maji yalikuwa yameosha uso, lakini maziwa yalikuwa yameshuka ndani ya udongo ambako kidole hakifiki. Kama walichanganya na nafaka au majani, ukoko ungetuambia, na hilo sasa halitajulikana kamwe. Msije mkasema hakuna kilichoharibika. Lakini watu wale walikamua, wakatia, na bakuli likayatunza.

Carla alimwambia Mama Neema arudi kwenye meza yake. Mama Neema aliuliza kama atalifunga yeye. Carla akanitazama, nikasema sijui mtu mwingine ambaye kidole gumba chake kinalijua bakuli lile.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu ya mwisho kabla ya kukabidhi funguo. Alikata pete ya sifongo akaipima mara nyingi mpaka kitako kikakaa bila kucheza. Alilinyanyua kama inavyotakiwa, mkono mmoja chini, mwingine ubavuni, akalitua. Alilizungushia karatasi ubavuni. Kisha akasimama, kifuniko cha kreti kikiwa mkononi.

"Baba Chebet. Tunairudisha mutupu?"

Nilielewa. Kwao na kwetu ni mamoja: sahani ya watu hairudi tupu, utatia hata ndizi moja. Naye alijua kama mimi kwamba punje moja tu ya chakula ndani ya kreti huleta wadudu, na kwamba hakuna cha kutia.

"Si tupu," nikamwambia. "Maziwa yao yamo."

Alichungulia ndani ya bakuli kwa muda mrefu, kwenye ile mifuo aliyoisugua kwa kidole chake. Akaweka kifuniko, akakaza skrubu moja moja, akaja upande wa pili wa kreti akashika mpini.

"Basi tubebe polepole," akasema, "isimwagike."